Kaboni Inayoelea

Beseni lilikuwa langu. Naanza na hapo kwa sababu pale shuleni habari hii bado inasimuliwa, na hakuna anayesema beseni lilikuwa la nani. Wanasema tu kwamba yule madam wa Tunduma alikuja na beseni la maji na kahawa, akawafundisha watoto isotopu, wakaelewa siku hiyohiyo. Beseni lilikuwa langu, la bluu, lina ufa ukingoni ambao niliuziba kwa plastiki ya kuyeyusha. Kahawa ilikuwa yangu, imetoka kwenye miti ambayo naipogoa kila mwaka kwa mikono yangu. Na mtoto aliyetumwa kuja kuviomba nyumbani, akavibeba kichwani huku anaimba, naye alikuwa wangu.

Mimi ni mwalimu wa kemia, Mnyiha wa hapahapa Mbozi. Shule yetu imekaa juu ya tuta, barabara kuu ya kwenda Tunduma inapita chini yake, na Julai asubuhi tunafundisha tumevaa makoti. Nimefundisha atomi miaka mingi, na njia yangu ni moja. Nachora duara dogo ubaoni, nawaambia hiki ndicho kiini, humu ndimo uzito karibu wote ulimo. Ndani yake kuna protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji. Nje, mbali kabisa, naweka elektroni zenye chaji hasi, nyepesi kupita maelezo. Idadi ya protoni ndiyo jina la elementi. Zikiwa sita ni kaboni, zikiwa saba ni naitrojeni, hakuna kubembelezana. Nyutroni ndizo zinazoweza kupungua au kuongezeka na jina likabaki lilelile, na hizo ndugu zenye jina moja na uzito tofauti ndizo isotopu. Wananakili, kengele inalia, wa kufaulu wanafaulu. Sikuwahi kuona tatizo.

Madam mpya alikuja mwanzoni mwa mwaka. Msichana mdogo, mfupi, ana kicheko kinachosikika mpaka stoo ya majembe. Kwao ni Tunduma, mama yake anauza vitenge na nusu ya ukoo uko ng'ambo, Nakonde. Siku ya kwanza aliingia chumba cha walimu akasalimia "Mulishani!" kama yuko sokoni kwao, na kufikia Ijumaa darasa zima la kidato cha pili lilikuwa linaitikia kwa Kibemba. Mimi alinipigia goti, akasema, "Shikamoo dada," vizuri kabisa, mpaka nikakosa pa kumchukia. Ningempenda zaidi kama angekuwa na dharau kidogo.

Mkuu wa shule akampa kemia ya kidato cha pili, mimi nikabaki na cha tatu na cha nne. Sikulalamika, ila moyoni. Binti yangu alikuwa kidato cha pili.

Hapo inabidi nieleze, maana bila hilo mtu ataona nilikuwa nagombania beseni. Kidato cha pili kikiisha, watoto wanachagua, wanaobaki na sayansi na wanaokwenda sanaa. Binti yangu alikuwa ameshatangaza anakwenda sanaa. Nilijitahidi. Jioni nilikuwa namkalisha mezani, namweleza taratibu, yeye anapiga miayo mpaka machozi yanamtoka. "Mama, unaongea kama kitabu," akaniambia siku moja, tena bila ubaya, kama mtu anayekuambia chumvi imezidi. Alipokuwa mdogo alikuwa ananiuliza kila kitu, kwa nini maji ya moto yanalia, kwa nini mkaa ni mweusi na majivu ni meupe. Halafu akaacha. Sikumbuki siku aliyoacha. Mwalimu wa kemia ambaye mtoto wake mwenyewe hamwulizi swali la kemia, huyo ni fundi cherehani anayevaa za dukani. Nilichotaka mimi si alama zake. Nilitaka aniulize.

Siku ya beseni sikuwa na kipindi. Nilipita nje ya darasa lao, nikapunguza mwendo, nikajikuta nimesimama. Dirisha la nyuma halina kioo. Alikuwa ameweka beseni langu juu ya madawati mawili, watoto wamemzunguka, wengine wamepanda viti.

"Hizi kahawa zimetoka mti mmoja?" akauliza.

"Ndiyooo!"

"Rangi moja?"

"Ndiyooo!"

"Nikizipanga mezani utajua ipi nzito?"

"Hapanaaa!"

Akazimwaga majini. Darasa lile, nyumba kwa nyumba wana kahawa kwao, wakaanza kucheka kabla maji hayajatulia, maana walijua kitakachotokea. Nyingi zikazama. Chache zikaelea juu, zinazungukazunguka.

"Nje ni zilezile," akasema. "Ganda lilelile. Ganda ndilo elektroni, ndilo linalokutana na dunia, kwa hiyo tabia yake haibadiliki. Jina lake ni kahawa, hata iweje. Lakini ndani kuna kitu kimepishana. Hizo ndizo isotopu."

Ikatoka ile "aaah" ndefu ambayo kila mwalimu anaijua na kila mwalimu anaiota. Nimeipata mara chache katika maisha yangu. Kwa isotopu sijawahi kuipata hata mara moja. Binti yangu alikuwa mbele kabisa, mikono imelowa mpaka viwiko, anacheka.

Wivu ulinishika. Kilichoniuma si kwamba alifundisha vizuri. Walimu wazuri wapo. Kilichoniuma ni kwamba mimi nimezaliwa kwenye kahawa. Kwetu kila msimu, kabla ya kumenya, unaimwaga kahawa kwenye maji, unaengua zile zinazoelea, unaziweka pembeni. Kazi hiyo nimeifanya tangu nikiwa nasimama juu ya kopo ili niufikie mdomo wa pipa. Isotopu nazo nimezisoma chuoni nikafaulu vizuri. Vitu hivi viwili vimekaa ndani ya kichwa kimoja miaka yote bila kusalimiana, halafu anakuja mtu wa mpakani, ambaye kahawa anaijua ya kwenye kikombe, anavikutanisha asubuhi moja kabla ya chai. Lilikuwa wazo langu hilo. Lilikuwa limelala kwangu, na yeye ndiye aliyeliokota.

Nyumbani ikawa "madam amesema." Shuleni binti yangu huniita madam kama wenzake wote, ndiyo desturi ya watoto wa walimu, na nyumbani nakuwa mama. Sasa hata nyumbani madam akaingia, na hakuwa mimi. Madam amesema ukioga maji baridi akili inaamka. Madam amesema usiweke vitunguu mapema. Nikamwuliza, "Madam yupi?" Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jua lipi.

Jioni moja tulikuwa tunakula ugali na maharage. Akasukuma maharage kwenye upande wa sahani ya baba yake, akaanza kumweleza kiini. Haya mekundu ni protoni, haya ya rangi ya khaki ni nyutroni. Mume wangu ni mkulima, mtu mpole, na tangu tuoane hajawahi kuniuliza ninafundisha nini huko ninakokwenda kila siku. Sasa ameacha kula, anasikiliza.

"Protoni hazipendani, baba. Zote zina chaji ileile, zinasukumana. Nyutroni ndizo zinazosaidia kuzishika pamoja. Hazina chaji, hazionekani kufanya chochote, ila zikikosekana, kiini kinasambaa."

Mume wangu akafikiri, akatabasamu, akaninyooshea kidole. "Basi nyutroni ni mama yako."

Alidhani amenipa sifa, na binti yangu akapiga makofi. Nikaondoa sufuria mezani kabla hawajashiba.

"Sitaki kuwa nyutroni," nikasema.

"Imekuwaje tena?"

"Sitaki tu. Kushikilia watu bila kuonekana, nani aliniuliza kama nataka? Mimi nataka chaji."

Wakacheka mpaka mume wangu akapaliwa. Nami nikacheka kidogo, ili yaishe, lakini nilikuwa namaanisha kila neno.

Baadaye kidogo msimu ukiwa umepamba moto, madam mpya akaitwa kwenye semina Vwawa, na mkuu wa shule akaniomba niingie kipindi chake. Niliingia nimenyooka. Nikawaambia tutajikumbusha tu. Nikauliza nyutroni ziko wapi, wakajibu vizuri. Nikauliza kaboni ina protoni ngapi, wakajibu sita, iwe kaboni kumi na mbili, kumi na tatu au kumi na nne, daima sita. Wananijibu haraka kuliko nilivyozoea, na kila jibu sahihi linanichoma. Basi nikauliza swali jepesi la kumalizia. Katika kaboni zote duniani, ipi ndiyo nyingi, ipi imetulia, na ipi haitulii?

"Kumi na nne ndiyo imetulia!" wakasema kwa pamoja.

Nikadhani hawakusikia. Nikarudia. Wakarudia, tena kwa sauti kubwa zaidi.

"Kwa nini?"

Binti yangu ndiye aliyesimama. Alisimama kwa kujiamini, mikono nyuma. "Kwa sababu kumi na nne ni nzito, madam, inazama. Hiyo ni daraja la kwanza. Kumi na mbili ni nyepesi, inaelea. Inakuwa imetobolewa na mdudu, au punje haikujaa. Inaenguliwa kwanza kabla ya kumenya."

Darasa zima likatikisa kichwa kukubali. Hakuna aliyecheka, kwa sababu kwao halikuwa jambo la kuchekesha. Hakuna mtoto wa Mbozi anayehitaji kufundishwa kwamba kahawa inayoelea ni mbovu. Analijua kabla hajajua kusoma. Amechapwa kwa kuziacha zikapita. Madam wao hakuwaambia kwamba nyepesi ni mbaya, wala hakuwaza kwamba wangelisikia hilo, kwa sababu hakulijua. Lakini walilisikia majini, na wameondoka nalo. Na ukweli wa kaboni ni kinyume chake kabisa. Kumi na mbili, yenye protoni sita na nyutroni sita, ndiyo karibu kaboni yote iliyopo, ndiyo iliyo kwenye mahindi na kahawa na kwenye ngozi zao wenyewe, na inakaa milele. Kumi na nne ina nyutroni nane, ni adimu, na ndiyo inayovunjika. Darasa zima lilikuwa limejiengua lenyewe likajitupa pembeni.

Niseme nini? Nilifurahi. Nilifurahi mpaka nikageukia ubao nijifanye nafuta, wasinione. Mtu wa Tunduma amechota kahawa asiyoijua, na kahawa imemgeuka. Kengele ikalia. Nikawaambia hili tutalirudia, nikatoka naelea mimi mwenyewe.

Nililitunza mpaka kesho yake, chai ya saa nne, walimu wote wakiwepo. Sikutaka kulisemea pembeni. Nikasubiri mpaka kila mtu ana andazi lake, nikasema, "Mwenzetu, jana wanafunzi wako wameniambia kaboni kumi na mbili imeliwa na mdudu." Nikaeleza yote, pole pole, na zile sauti zao.

Chumba kikalipuka. Mwalimu wa hisabati alimwaga chai. Madam mpya alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, macho yamemtoka, na mimi nikasubiri aone aibu. Aliposhusha mikono nikaona anacheka kuliko wote.

"Jamani nimewaharibu watoto wa watu!" akasema. Halafu akanigeukia. "Lakini dada, mimi kuelea ni kuelea tu. Sikujua kwenu kunamaanisha kutupwa. Wewe ndiye mwenye kahawa. Njoo darasani uninyooshee. Tafadhali. Mimi nikiwaambia nimekosea watanicheka tu, wewe wakikusikia wataelewa kwa nini."

Kila mtu akaniangalia kwa heshima kubwa. Nilikuwa nimeleta jiwe, naye amelipokea akalifanya kigoda, akanikaribisha nikae. Hata kukosea anakosea vizuri. Nikasema sawa, nitakuja.

Basi shida ikahamia kwangu. Ningewaambia nini? Kuwaambia tu kwamba kahawa si kaboni ni kuwarudishia kitabu, na kitabu binti yangu amekwisha kuniambia anakionaje. Nilikuwa natafuta mfano wangu. Nilitafuta jikoni, shambani, kanisani wakati wa mahubiri, Mungu anisamehe. Kila nilichokigusa kilikuwa cha kahawa, na kahawa alikuwa ameshaichukua yeye.

Jumamosi nilikwenda Nanyala kumpelekea mdogo wangu mahindi ya kuchoma, ndiyo kwanza amejifungua. Wakati wa kurudi nikasimama pembeni ya barabara kuu nasubiri gari. Malori yalikuwa yanapita kwenda mpakani, moja nyuma ya jingine, kama kawaida yake. Moja lilikuwa limekwama pale mbele, ekseli imekatika, dereva ameweka matawi ya majani barabarani kuwaonya wenzake, amekaa kwenye kivuli cha tela anakula miwa. Likapita jingine la tajiri yuleyule. Rangi ileile ya kijani, tela ileile, maandishi yaleyale ubavuni, hesabu ya matairi ileile. Likapiga honi, likaendelea zake kwenda Tunduma.

Sikupanda gari lililofuata, wala lile lililokuja baada yake. Nilisimama pale naangalia malori nikicheka peke yangu, na mama mmoja aliyekuwa anauza parachichi akaniuliza kama niko salama. Nilikuwa zaidi ya salama. Malori ni ya Tunduma. Kwao foleni inaanzia mlangoni, wanalala wakiyasikia, wanaamka wakiyasikia. Yeye alichukua kahawa yangu, na mimi nachukua malori yao.

Jumatatu sikuingia darasani. Niliwatoa wote nje, nikawapanga kwenye ukingo wa tuta, barabara iko chini yetu. Madam mpya alikuja nyuma yao, akakaa kwenye jiwe, mikono magotini kama mwanafunzi. Baridi ilikuwa inauma. Nikawaambia kwanza kuhusu kahawa. Nikawaambia mwalimu wenu hakuwadanganya, kwamba ndani kunapishana ni kweli, ila zile zinazoelea kwetu zina ugonjwa, na atomi nyepesi haina ugonjwa wowote. Wakaniangalia tu. Halafu yakaja malori mawili yanapanda, yanayofanana.

"Yale mawili yana tofauti?"

"Hayana!"

"Ukiangalia nje utajua lipi limebeba zaidi?"

Wakabishana. Mmoja akasema sikiliza injini. Nikasema sawa, hiyo ni akili, lakini kwa macho huwezi. "Mengi yanayopita hapa yamebeba mzigo wa kawaida. Hakuna anayeyaongelea. Yanafika, yanarudi, ndiyo yaliyojaza barabara. Hayo ndiyo kaboni kumi na mbili. Ni mabovu?"

"Hapana!"

"Mengine yameongezewa kidogo. Yanapita?"

"Yanapita!"

"Hayo ni kumi na tatu, na yenyewe yametulia. Sasa kuna machache, ya kuhesabu, mwenyewe amezidisha. Amejaza mpaka juu. Hayo mnayakuta wapi?"

"Yamekwama!" wakapiga kelele. "Na majani nyuma!" Mmoja akalala chini kwenye nyasi kuonyesha ekseli ilivyokatika, wenzake wakamkalia.

"Hilo ndilo kumi na nne. Si zuri, si baya. Limezidiwa tu. Na lini litakatika, hakuna anayejua. Jingine linakatika hapa, jingine linafika mbali sana kabla halijakatika. Yakiwa mengi utajua kwa jumla baada ya muda gani nusu yake yatakuwa yamekatika. Hili moja, huwezi kuliuliza."

Ikatoka. "Aaah." Ndefu, ya darasa zima, na moshi wa baridi ukitoka midomoni. Yangu.

Nikamtafuta binti yangu kwa macho. Ndiye niliyekuwa nasema naye muda wote ule. Nilimwona, alikuwa amegeuka. Alikuwa ameangalia nyuma, kwenye lile jiwe, anamsoma madam wake usoni, anataka kujua kama nilichosema ni kizuri. Nimesimama mbele ya watoto wote hao, nimewapa kitu ambacho sijawahi kumpa mtu, na mwanangu anaomba ruhusa ya kukipenda.

Madam mwenyewe hakuwa anamwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, na hakuwa anacheka. Midomo imekaza, macho yako kwenye barabara, yanarudi kwangu, yanarudi barabarani. Msichana aliyelala miaka yote na malori nje ya dirisha. Uso ule niliujua. Nilikuwa nimeuvaa mimi nikiwa nimesimama kwenye dirisha lisilo na kioo. Siwezi kudanganya, uliniburudisha. Lakini haukunitosha, kwa sababu si uso wake niliokuwa nautaka.

Jioni nilitembea na binti yangu kurudi nyumbani. Ni nadra, kwa kawaida anatangulia na wenzake. Tukaenda mpaka tukapita kisima.

"Mama," akasema. "Ule mfano wa malori, madam ndiye aliyekupa?"

Nikasimama. "Hapana."

"Si kwa vile ni mambo ya Tunduma? Nikajua amekuambia."

"Wangu," nikasema. Nililisema kwa sauti kubwa, mpaka mzee aliyekuwa anapita na mbuzi wake akanigeukia. "Mfano ni wangu. Nimeutafuta mwenyewe, nimeupata Nanyala nimesimama juani. Hakunipa mtu."

Akaniangalia. Hakuwa ameniangalia hivyo siku nyingi, usoni, kwa kutafuta kitu.

"Mama, unamwonea wivu madam?"

"Ndiyo."

"Sana?"

"Sana. Tena nyamaza."

Hakucheka. Nilidhani atacheka. Akaendelea kutembea, akipiga vijiwe kwa ncha ya kiatu, na mimi nikaanza kujuta kwamba kesho atamwambia, na keshokutwa litakuwa chumba cha walimu. Halafu akasema, "Lile la kumi na nne likishakatika, linabaki kuwa kaboni? Nilitaka kumwuliza madam, kesho nita..."

"Usimwulize yeye," nikasema. "Niulize mimi."

"Haya. Linabaki kuwa kaboni?"

"Halibaki. Nyutroni moja inageuka protoni. Zilikuwa sita, zinakuwa saba. Jina linabadilika, inakuwa naitrojeni."

"Lori likikatika ekseli haligeuki basi."

"Haligeuki. Hapo mfano wangu unaishia. Nimeufikiria, sina mwingine."

Nilisubiri aseme atamwuliza mwenye mifano. Akahamisha begi bega la pili, akanisogelea upande wangu wa barabara.

"Basi nieleze bila mfano," akasema. "Inageukaje?"

Nikaanza kumweleza. Tulipofika kwetu nikaupita mlango naye bila kuingia, tukaendelea na njia, na hakuniuliza tunakwenda wapi.